Mwalimu Aingiaye Nyumbani kwa Kioo



Tumeulizwa katika darsa yetu suala ambalo kwa juujuu laonekana dogo, na ndani yake mna jambo kubwa. Muulizaji asema: Mwalimu asomeshaye kwa simu ya video, je, ana haki ya kumlazimisha mwanafunzi afungue kamera ili amwone? Na mwanafunzi akikataa, je, amevunja adabu ya kutafuta ilimu?

Sisi wenyewe tuna deni katika suala hili, nasi tutalitaja mahali pake.

Yajulikana kwamba mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia Kenya, skuli zilifungwa, na vyuo vyetu vya Kurani navyo vikafungwa. Baadhi ya madarasa yalirudi tarehe 12 Oktoba 2020, na yaliyosalia hayakurudi mpaka tarehe 4 Januari 2021. Katika miezi hiyo waalimu wengi wa pwani walijifunza kusomesha kwa simu, na milango ilipofunguliwa darsa hizo hazikufa. Leo mtoto wa jamaa zetu aliyezaliwa Ulaya au katika nchi za Ghuba aweza kukaa mbele ya mwalimu aliyeko Mombasa au Lamu, akamsomea sura yake, akarekebishwa herufi papo hapo. Hii ni neema, na neema yataka kushukuriwa kwa kutumiwa vyema.

Lakini watu juu ya neema hii wamekuwa makundi mawili. Kundi la kwanza lasema kwamba ilimu haichukuliwi ila goti kwa goti, na kilichopita kwenye kioo si ilimu. Kundi la pili lasema kwamba sauti ipo na sura ipo, basi kimepungua nini? Twaona makundi yote mawili yamekitazama chombo, wala hayakumtazama mwanafunzi. Nasi twapenda kuanza na mwanafunzi: ni kitu gani anachokistahiki kwa mwalimu wake, ambacho akikikosa hakusomeshwa, hata akikaa naye goti kwa goti miaka kumi?

Katika Hadithi sahihi mna kisa cha mtu aliyeingia msikitini akasali haraka haraka bila utulivu, kisha akaja kumsalimu Mtume (S.A.W.). Mtume alimrudishia salamu, akamwambia arudi akasali, kwani hakusali. Akarudi, akasali vile vile. Ikawa hivyo mara tatu, mpaka yule mtu akakiri kwamba hajui zaidi ya hayo, akaomba afundishwe. Hapo ndipo alipofundishwa, rukuu kwa utulivu wake na sijida kwa utulivu wake.

Na tuzingatie. Lau makusudio yalikuwa ni kumpa maneno tu, angepewa mara ya kwanza. Lakini mwalimu alitangulia kutazama, akangoja, akamrudisha, mpaka mwanafunzi akalijua kosa lake kwa nafsi yake. Hiyo ndiyo haki tunayoisema: mwanafunzi ashughulikiwe yeye, kwa kosa lake yeye. Darsa iliyorekodiwa ina manufaa yake, na mtu aweza kuisikiliza usiku au mchana, lakini haiwezi kumwambia yeyote, "Rudi."

Hata wenzetu wa mbali wamelijua hili. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipoanza kusomesha mwaka 1971, kilipeleka mihadhara kwa televisheni na redio za BBC, na wanafunzi wengi wakikaa majumbani mwao. Juu ya hivyo hakikuwaachia picha peke yake, bali kila mwanafunzi alikuwa na mwalimu wa kuisoma kazi aliyoiandika na kumwonyesha makosa yake. Walijua kwamba kuangaliwa na watu wengi si sawa na kumwangalia mtu mmoja.

Sasa na tuzipime darsa zetu za simu kwa mizani hii. Saa ina dakika 60. Mwalimu mwenye wanafunzi 30 akitaka kumsikiliza kila mmoja, fungu la mmoja ni dakika mbili, na hapo yeye mwenyewe asiseme neno. Akiwa nao 300, fungu la mmoja ni nukta 12. Basi mwalimu ajisifuye kwa wingi wa majina yaliyo kwenye kioo chake na ajiulize, ni wangapi katika hao aliosikia sauti zao wiki hii? Kama hakusikia hata mmoja, amehutubia, na kuhutubia ni jambo jengine.

Tena chombo chenyewe chataka uangalifu. Sauti hufika kwa kuchelewa kidogo, na kwa hivyo kule kuitikia pamoja tulikokulelewa nako chuoni hakuwezekani, sauti hukanyagana. Na programu hizi zimetengenezwa ziondoe kelele, na pengine huondoa pamoja na kelele pumzi za herufi, mpaka *ha* nzito na *ha* nyepesi zikawa kama kitu kimoja. Mwalimu wa tajwidi hana budi amsikilize mmoja mmoja, na penye shaka asimhukumu mwanafunzi kwa kosa ambalo huenda ni la simu.

Hapa atasema msemaji: Ikiwa mwalimu lazima atazame, basi si kamera iwe wajibu? Hivyo ndivyo tulivyosema sisi, na hapa ndipo penye deni letu.

Mwaka ule wa 2020 tulikuwa na darsa ya tajwidi kwa vijana, na miongoni mwao mlikuwa na kijana asomaye vizuri, lakini kamera yake haifunguki. Tulimwambia mara ya kwanza, akanyamaza. Mara ya pili, akasema simu ina taabu. Mara ya tatu tulimwambia mbele ya wenzake kwamba afichaye uso wake ana la kuficha, na achague: afungue au atoke. Akatoa salamu, akatoka. Nasi tukaendelea na somo, tukidhani tumeilinda heshima ya ilimu.

Baada ya miezi ndipo tulipopata khabari kwa mjomba wake. Kijana alikuwa akikaa na mama yake na dada zake watatu katika chumba kimoja. Simu ilikuwa ya mama, na betri yake ilikuwa mbovu, haiwaki ila ichomekwe kwenye umeme. Palipo na umeme palikuwa mahali pamoja tu, naye akikaa hapo chumba chote kiko nyuma yake: kitanda, jiko, na wanawake waliokaa kama wakaavyo watu majumbani mwao. Alichokificha ni sitara ya mama yake. Tulikwenda kumtaka radhi. Alitupokea kwa adabu iliyotushinda sisi, akatusamehe, na darsani hakurudi.

Kosa letu lilikuwa wapi? Twaona lilikuwa hapa. Tangu zamani mwanafunzi ndiye aingiaye nyumba ya mwalimu. Huvua viatu vyake mlangoni, hukaa aonyeshwapo, na mwalimu ndiye mwenyeji. Kwa simu ya video jambo limegeuka, wala hatukuhisi kwamba limegeuka. Sasa mwalimu ndiye aingiaye nyumba ya mwanafunzi. Yeye ndiye mgeni. Na sisi tuliingia tukiwa na amri za mwenyeji.

Na adabu ya mgeni haikuachwa bila kuelezwa katika dini yetu. Kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu kumeamrishwa katika Kurani, na Mtume (S.A.W.) amebainisha kwamba ruhusa imewekwa kwa ajili ya jicho. Mwenye kubisha hodi mara tatu asipojibiwa na arudi zake. Kamera ni jicho, na kioo ni mlango. Yule kijana tulimbishia hodi mara tatu, akatujibu kwa kimya, kwa udhuru, kisha kwa kuondoka, nasi hatukufahamu kwamba aliyepaswa kurudi nyuma ni sisi.

Je, kwa hivyo mwalimu asiyemwona mwanafunzi hawezi kumpa haki yake? Sivyo. Abdullahi bin Ummi Maktum (R.A.) alikuwa kipofu. Alimjia Mtume akitaka kufunzwa, naye Mtume ameshughulika na wakubwa wa Makureshi akitaraji kusilimu kwao, na sura ya Abasa ikashuka kwa sababu yake. Kipofu yule hakuuona uso uliokunjwa, na juu ya hivyo haki yake ya kuelekewa ilitetewa kutoka mbinguni. Twafahamu kutokana na hayo kwamba kuelekeana si kazi ya macho peke yake. Mwalimu aweza kumwona mwanafunzi kwenye kioo saa nzima asimwelekee, na aweza kumwelekea kwa sikio bila kumwona.

Atakayesema kwamba wenye kufunga kamera hulala, tutamjibu: amwite mmoja kwa jina lake, amwambie asome. Aliyelala atajulikana, na aliye macho atafurahi kwamba amekumbukwa.

Basi jawabu letu kwa muulizaji ni hili. Mwalimu ana haki ya kumsikia mwanafunzi wake, kwani pasipo kusikia hapana kusomesha. Kuona ni kwa ruhusa. Ikihitajika kuutazama mdomo ili herufi isimame mahali pake, na aombe kwa upole na kwa faragha, apange wakati mwenyeji awezapo, na picha ifungwe haja ikiisha. Asimwulize mtu sababu mbele ya wenzake. Asirekodi sura wala sauti bila idhini, kwani hiyo ni amana. Na anayesomesha watoto au wanawake, mzazi au jamaa na awe mahali asikiapo.

Tena asiwapotezee watu mali yao. Saa moja ya picha huweza kula zaidi ya megabaiti 500, na kwa mama anayenunua bando la siku kwa siku hayo si kidogo. Maelezo marefu na yarekodiwe kwa sauti, ambayo ni nyepesi, yapelekwe mapema. Na ile saa ya kukutana iwekwe kwa kusoma, kuuliza na kurekebishwa. Na mwanafunzi naye ajue kwamba sitara yake ni haki, lakini uvivu si sitara.

Hatukuandika haya ili kuwalaumu waalimu wetu, bali lawama tumeianza kwetu. Kijana yule bado yuko mjini humu, nasi kila tumwonapo hukumbuka kwamba tulimtoa katika ilimu kwa kutaka kuuona uso wake. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, amfungulie mlango ulio bora kuliko ule tulioufunga, na atufanye wageni wenye adabu katika nyumba tunazoingia.

Wabillahi tawfiiq.