Povu ni la Nani?

Kila mtoto aliyesoma shule Kenya ameiandika methali hii kwenye insha angalau mara moja: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mwalimu alitufundisha kwamba ni methali ya tahadhari. Likimpata jirani, jua lako liko njiani. Sawa. Lakini hebu isome kama maneno ya kinyozi tu, bila kutafuta fumbo. Haisemi ukimbie. Haisemi umnyang'anye mtu wembe. Inasema wembe utafika kwako, na kilicho mikononi mwako ni maji.

Kisha kuna msemo wa mtaani ambao ni ndugu yake: kunyolewa bila maji. Timu ikifungwa tano kwa yai, mtangazaji anasema imenyolewa bila maji. Mgombea akibwagwa hadi kijijini kwao, naye kanyolewa bila maji. Kila nikiusikia najiuliza swali moja. Aliyenyolewa kwa maji na aliyenyolewa bila maji, si wote wanatoka pale na kipara? Nywele zimekwenda. Sasa maji yamebadilisha nini? Kama mwisho ni ule ule, kwani njia ina uzito wowote?

Swali hili linanisumbua kwa sababu mbili. Moja ni sabuni, na nyingine ni chuo.

Nianze na sabuni. Najinyoa mwenyewe nyumbani, kwa wembe, kwa sababu za mfuko. Ndevu zetu hizi zilizojikunja haziupendi wembe. Unywele ukikatwa karibu sana na ngozi, ncha yake hujipinda na kurudi ndani, na baada ya siku mbili shingo imejaa vipele. Kwa hivyo kwa mtu kama mimi kujiandaa kabla ya kunyoa si anasa. Niliponunua sabuni ngumu ya kunyolea katika duka moja la Eastleigh, bonge la duara, gumu kama jiwe la kusugulia kisigino, muuzaji aliniambia neno moja tu: "Hii haitaki haraka."

Sabuni hii hupikwa kwa mafuta yenye asidi ya steariki kwa wingi, pamoja na kostiki soda na kostiki potashi. Soda huipa ugumu, potashi huisaidia kukubali maji. Ukiisugua mara mbili chini ya mfereji utapata mapovu matatu yaliyokonda, kisha utaapa kwamba umeuziwa feki. Njia yake ni nyingine. Mimina maji kidogo ya vuguvugu juu ya bonge, uliache dakika chache ukinawa uso. Loweka brashi, ikung'ute isichuruzike. Izungushe juu ya sabuni bila kukandamiza, nusu dakika hadi dakika nzima. Utakachopata hapo bado si povu, ni kitu kizito kama uji uliokosa maji. Wengi huishia hapo na kujipaka. Wewe ongeza matone machache, zungusha, ongeza tena, zungusha tena, ndani ya bakuli au juu ya shavu lenyewe, mpaka mapovu yawe madogo kiasi kwamba huyaoni, na kitu kizima king'ae kama mala iliyopigwa ikalainika.

Maji yakiwa machache, povu litakaukia usoni kabla hujamaliza shavu la kwanza, na wembe utakwaruza. Yakizidi, utapata mapovu makubwa kama ya karai la vyombo, yakiteremka shingoni. Na maji yenyewe hayafanani. Yanayotufikia Nairobi kutoka bwawa la Ndakaini ni maji laini ya mito ya Aberdare, siku yakija. Lakini chota maji ya kisima Pwani, kule visima vinakochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na sabuni itashughulika kwanza na kalsiamu iliyo ndani ya maji. Itafanya utando mweupe kabla ya kufikiria povu. Hapo itabidi utumie sabuni zaidi, na usiilaumu kwa ugumu wa kisima.

Kazi yote hii ni ya nini? Mwaka 2020 watafiti wa MIT, kule Marekani, walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyonishangaza. Chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele takriban mara 50, na bado unywele huo huo hulichubua kali la wembe. Ule mnyonge haukatwi kimya kimya. Lakini unywele ukinywa maji huvimba na kulainika, na nguvu inayohitajika kuukata hupungua. Kumbe kinacholainisha ni maji. Kazi ya povu ni kuyashikilia pale usoni yasitiririke wala kukauka, na kuupa wembe njia ya kuteleza. Ukimaliza, unalisuuza lote. Hakuna anayetembea barabarani akionyesha watu povu lake.

Sasa chuo. Niliondoka mwaka wa tatu kwa sababu ya karo. Siku za mwisho mwisho nilikutana na watu wawili. Wa kwanza alikuwa nyuma ya dirisha. Hakuinua macho. "Deni lako hilo hapo. Ukilipa utafanya mtihani. Anayefuata!" Sekunde kumi, labda nane. Wa pili alikuwa mama mmoja wa ofisi nyingine. Aliniambia, "Keti, mwanangu." Akaigeuza kompyuta nione, tukapitia hesabu mstari kwa mstari. Kisha akanieleza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amenitajia, kwamba naweza kuandika barua ya kuahirisha masomo badala ya kupotea tu, ili alama zangu za miaka miwili zibaki zimehifadhiwa. Nje foleni ilikuwa inanung'unika. Hakuniharakisha.

Mwisho ulikuwa ule ule. Mtihani sikufanya, na hadi leo sina shahada. Ila yule mama namkumbuka kwa shukrani, na yule wa dirishani namkumbuka kwa namna nyingine.

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja, mtu wa maneno makali, alicheka. "Huyo wa pili ndiye mbaya zaidi," akasema. "Wa kwanza alikukata ukapiga nduru. Wa pili alikupaka povu, ukakatwa ukisema asante."

Jibu hilo lilikaa nami siku nyingi kwa sababu lina ukweli. Povu kweli ni rafiki wa wembe. Linailinda ngozi, ndiyo, lakini pia linamrahisishia kazi aliyeshika mpini. Na mimi, ninayeishi kwa kuandikia watu kwa malipo ya maneno, najua povu linavyotengenezwa. Mteja anataka barua ya kuwaaga wafanyakazi anaowaachisha kazi. Iwe na ubinadamu, anasema, lakini isiahidi kitu. Basi unaandika "tunasikitika kuwajulisha", unaandika "tunathamini sana mchango wenu", na barua inang'aa. Anayeisoma hatoki na chochote isipokuwa tarehe ya mwisho wa kazi.

Kwa hivyo povu ni la nani, la ngozi au la wembe?

Sabuni ndiyo iliyonisaidia kulitazama swali hili sawasawa. Kuna povu la kopo. Unabonyeza, na gesi zilizoshindiliwa ndani, kama butani na propani, zinakufurishia kiganja kizima kwa sekunde moja. Kwa macho huenda hata likapendeza kuliko la brashi. Sitalitukana, ukilipaka kwenye uso uliolowa vizuri litafanya kazi yake. Ukilipaka kwenye uso mkavu na kuanza kunyoa papo hapo, shingo itakusimulia. Tofauti haimo katika weupe wala wingi. Tofauti ni kama unywele umepewa maji na muda wa kuyanywa.

Basi nikamrudia rafiki yangu na hoja hii. Upole wa mtu anayekufanyia jambo gumu tuupime kwa maji yaliyomo. Yule mama akiondolewa sauti yake tamu na lile neno "mwanangu", bado kinabaki kitu mkononi mwangu: njia ya barua, alama zilizohifadhiwa, mlango ambao haukufungwa kwa kufuli. Aliniachia uwezo wa kufanya jambo. Na alilipia kwa dakika zake mwenyewe, huku watu wakimnung'unikia. Ile barua ya mteja ukiiondolea maneno matamu, unabaki na wembe mtupu. Yote mawili yanaitwa upole, lakini moja lina maji.

Kipimo hicho nakitumia hata upande wa pili, kwetu sisi tunaokatwa. Mitandaoni tunasema fulani ametoa povu, yaani amefoka kwa hasira. Watu hucheka povu la mtu. Mimi siku hizi naangalia kama lina maji. Kuna anayefoka akataja kiasi gani, ofisi ipi, siku gani, na aliyefikwa na jambo kama lake akajua pa kuanzia. Na kuna povu la karai, mapovu makubwa, yanayopasuka kabla ya jioni.

Rafiki yangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno mawili: "Bado ulinyolewa."

Hapo ana haki, na sitaki kumnyima. Povu zuri kuliko yote haliwezi kujibu kama nywele zilistahili kunyolewa. Hayo ni maswali mawili. Je, jambo hili lifanyike? Na kama litafanyika, lifanyike vipi? Mama yule alijibu la pili vizuri sana. La kwanza, kwa nini kijana aliyefaulu mitihani anaondoka kwa kukosa pesa, halikuwa mezani kwake, na sauti yake haiwezi kulifunika. Hatari ya povu iko papo hapo: ngozi isipotoa damu, hakuna anayeuliza habari za wembe. Wapo wanaolipenda kwa sababu hiyo tu.

Lakini kunyolewa bila maji nako hakujibu swali la kwanza. Sijaona haki iliyoharakishwa na mtu kukatwa akiwa mkavu. Yule wa dirishani hakuniamsha kisiasa kwa ukali wake. Alinipotezea wiki nzima tu, nikidhani mambo yangu yameisha kabisa. Kwa hivyo nashikilia yote mawili, hata kama yanavutana. Tuulize kuhusu wembe, kwa sauti, na wakati tunauliza tuendelee kudai maji.

Nikiitazama tena ile methali ya shuleni, naona inazungumza na anayengoja kunyolewa peke yake. Inamwachia mzigo wote yeye: tia maji, jiandae, kichwa ni chako. Kwa aliyeshika wembe haina neno. Ilhali karibu kila mmoja wetu hushika wembe siku fulani, hata sisi wa keja za chumba kimoja. Itakuja siku utalazimika kumwambia dada anayekusaidia nyumbani kwamba mwezi ujao hutaweza kumlipa. Mwambie leo, akiwa bado na siku za kutafuta kwingine. Mlipe za siku alizofanya, zote. Mpigie simu jirani anayetafuta mtu. Ukishafanya hayo, zungumza naye kwa sauti nyororo ukipenda.