Baraza ya Kahawa

Mwaka 1511, Khair Beg, msimamizi wa masoko ya Makka kwa niaba ya watawala wa Misri, alipoiharimisha kahawa, naona khofu yake ilikuwa juu ya wale waliokusanyika usiku kuinywa. Na ijapokuwa hukumu yake ilitenguliwa kutoka Kairo, hapo aliligusa jambo lenyewe. Kahawa ya barazani Unguja, chungu, katika kikombe kisichozidi mafunda matatu, ni ile ile penye baraza njema na penye mbaya. Njema ni ile ambayo hamali akija, mwenye kanzu humsogelea mwenziwe ili apatikane pa kumketisha, na maneno yake yakasikilizwa hadi mwisho. Mbaya, Mwenyezi Mungu atuepushe nayo, ni ile ambayo mtu huchelea kuaga mapema, akijua kwamba kabla hajaipita kona nyama yake itakuwa imekwisha kuliwa.