Kutembea Mashamba: Ni Upuzi au Ni Mafunzo?

Ndugu mmoja katika darasa letu ameuliza: Je, mtu mwenye akili na shughuli zake, kutoka mjini akenda mashamba kwa ajili ya kutazama miti na vilima tu, huku si kupoteza wakati? Swali hili lastahili jawabu, kwani sisi watu wa miji tumegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza laona mashamba ni mahali pa matope na mbu, wala haliendi huko illa kwa mazishi. Kundi la pili lapenda kwenda, walakini lachagua siku: lataka jua lisiwe kali, mvua isinyeshe, njia iwe kavu na maembe yawe yameiva. Twaona makundi yote mawili yamepungukiwa na jambo moja.

Ama kutazama kwenyewe si upuzi. Mwenyezi Mungu katika Suratul Ghashiya ametutaka tuzingatie ngamia, mbingu, milima na ardhi. Na sisi watu wa Pwani hatuna udhuru, kwani mtu akivuka Likoni akashika njia ya Kwale, hupita minazi na mikanju, kisha hupanda Milima ya Shimba penye msitu na hewa baridi, akaweza kuona palahala, ambao katika Kenya nzima hawapatikani porini ila hapo. Akishika njia ya bara, baada ya Mazeras na Mariakani minazi humwacha, akaingia nyika ya Taru yenye miiba na vumbi jekundu, na mbele yake, karibu na Voi, huinuka milima ya Taita penye ukungu na mashamba ya matuta.

Na kila pahali hapo pana sura zaidi ya moja. Wakati wa kaskazi, kiangazi kikikaza, nyika huwa kama majivu na mbuyu husimama bila majani. Upepo ukigeuka kuwa kusi, masika yakaingia, nchi ile ile huvaa kijani katika muda wa siku chache.

Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, nalikwenda upande wa Kwale pamoja na wanafunzi wangu. Mvua ilitukuta njiani, viatu vikazama topeni, na kijana mmoja akasema, "Sheikh, siku yetu imeharibika." Tukajihifadhi barazani kwa mzee mmoja mkulima, naye alikuwa amesikia. Akatabasamu, akamwambia, "Mwanangu, siku yako imeharibika, lakini mwaka wangu umetengenea." Nalinyamaza kimya. Miaka mingi nimefundisha watu shukrani, na neno lile la kijana lilikuwa moyoni mwangu pia.

Hapo ndipo nilipofahamu tunachopungukiwa. Mtu apendaye mashamba siku ya raha tu, hakupenda mashamba. Amependa raha yake, na mashamba ameyafanya mtumishi wake. Maembe ayafurahiayo wakati wa kaskazi yametokana na mti ulionyweshwa na mvua aliyoilaumu. Asiyeitambua fadhila ya msimu usiompendeza, shukrani yake kwa msimu umpendezao ni nusu shukrani.

Wala tusidhani kwamba mvua ya mashamba haituhusu. Mvua inyeshayo juu ya milima ya Chyulu hupenya katika mawe ya volkano, ikapita chini kwa chini hata ikatokea katika chemchemi za Mzima. Na tangu miaka ya 1950 maji hayo huletwa Mombasa kwa bomba. Kadhalika maji ya Marere hutoka katika Milima ya Shimba. Basi huenda mtu akatawadha kwa maji ya mvua ambayo, lau angalikuwapo ilipokuwa ikinyesha, angaliitukana.

Huenda mtu akasema: Je, tulazimishwe kupenda matope? La. Kuchukia tope ni tabia ya mwanadamu, wala hana lawama. Na mafuriko kama yale ya 1997 ni msiba, na msiba haufurahiwi. Lawama ni kuhukumu kwamba jambo ni baya kwa sababu tu halikunipendeza mimi, ilhali jirani yangu amelingojea kwa dua.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, nenda mashamba, na umchukue mwanao. Lakini usende mara moja ukadhani umepaona. Nenda kiangazi, nenda masika, nenda na wakati wa vuli. Waamkie wenye nchi, uwaulize wangojea nini mwaka huu. Usikate mti, wala usiache taka zako. Ukirudi mjini na viatu vyenye tope, huku moyo wako ukimfurahia mkulima, hapo kutembea kwako kumekuwa mafunzo.

Wabillahi tawfiq.