Mjukuu Wangu, Usimfukuze Uliyempenda

Mjukuu wangu, sogea karibu na moto. Baridi ya Julai hapa Lushoto haimwonei mtu huruma, na neno nililonalo si la kusemea mlangoni.

Nimesikia umemfuta Naruto, yule mtoto wa katuni, kwenye simu. Na ile picha yake uliyoibandika ukutani tangu darasa la sita, nimeiokota kwenye kuni, imekunjwakunjwa. Nilipokuuliza ukanijibu, "Babu, ule ni utoto." Usiku ule sikulala vizuri.

Kuchoka sikukatazi. Nani asingechoka? Sehemu 720, tangu mwaka 2002 hadi 2017, na katikati wakajaza vipande ambavyo Masashi Kishimoto, mwenye hadithi, hakuvichora, maana katuni ilikuwa inamfikia kabla hajaimaliza. Hata mgeni mwema akikaa sana huanza kurudia maneno. Mapenzi yana msimu, kama plamu zetu. Ila nakuomba ushike hili: plamu ikipukutisha majani, si kuni bado.

Hofu yangu ni ile aibu niliyoiona usoni mwako.

Unakumbuka mlivyokuwa mkijazana humu jikoni, wewe na wale wenzako wawili, simu mmeiegemeza kwenye kopo la sukari? Nami nilikaa nyuma yenu nachambua maharage. Nilimwona yule mtoto yuko peke yake kwenye bembea, wenzake wanapongezwa na wazazi wao, yeye hana wa kumpongeza. Kijiji kizima kinamkwepa kwa sababu ya mbweha aliyefungiwa ndani yake siku aliyozaliwa. Nilimwona mwalimu Iruka akimkinga kwa mgongo wake, silaha isimpate. Ulilia, mjukuu wangu. Ulijifuta kwa mkono wa sweta ukidhani hatuoni. Mimi nilikuona, nikamshukuru Mungu kwamba nyumba hii ina mtoto mwenye moyo.

Tena nilishtuka, kwa kuwa yule mtoto nilikuwa namjua. Huku kwetu anaitwa Mbegha. Alizaliwa Nguu, meno ya juu yakatangulia kuota, wakamwita kigego, mtoto wa mkosi, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki. Akawinda nguruwe waharibifu wa mashamba, akapanda milima hii akiwagawia watu nyama, hadi Vuga, alikoua simba na watu wakamfanya mtawala wao. Huyu walimkataa kwa meno, yule walimkataa kwa mbweha, na wote wawili walikuwa na njaa ya mtu wa kuwaambia, "Wewe ni wetu."

Bibi yangu ndiye aliyekuwa akinisimulia. Nilipoingia shule ya kati, nikarudi likizo nimevaa viatu, nikamwambia hadithi zake ni za watoto. Hakunigombeza. Alinyamaza, akaendelea kuchochea moto, na hakunisimulia tena mpaka tulipomzika.

Miaka ikapita, nikapata Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, toleo lililochapwa Nairobi mwaka 1962. Nilikisoma kwa kiu. Mbegha yumo, Vuga imo, simba yumo. Lakini bibi alikuwa na kipande cha kuimba pale simba anapokaribia, na sauti yake nzito aliyompa yule simba. Hicho hakimo. Nimewauliza wazee wa Vuga, wa Bumbuli, nikafika mpaka Mlalo. Kila mmoja ana cha kwake. Cha bibi yangu hakuna aliye nacho.

Nakusihi, usiipite njia hiyo. Leo unamcheka mtu wa katuni. Kesho unamcheka mwenzako ambaye bado anamtazama, na umeshaanza: juzi alikuulizia hapa, ukajificha chumbani ukamtuma mdogo wako aseme hupo. Keshokutwa utaona haya kujibu salamu ya Kishambaa stendi mbele za watu. Nimewaona vijana wakiondoka milima hii namna hiyo, wakiacha kimoja kimoja, na wakirudi kwenye msiba hukaa pembeni ya mkeka kama wapita njia, wala hawajui waanze mazungumzo na nani. Anayekata kamba nyuma yake huvuka mto mara moja.

Sikwambii umtazame tena. Kama umemaliza, umemaliza. Lakini muage kama mgeni aliyelala kwako, usimfukuze kama mwizi. Nakuomba, mjukuu wangu. Nakuomba tena.

Ile picha nimeinyoosha, iko chini ya godoro langu. Na yule mwenzako nimemwambia aje Jumamosi jioni, bibi yako atachemsha viazi. Mwisho wa Naruto siujui, maana usingizi ulikuwa ukinichukua mapema. Mtanisimulia nyinyi wawili, kwa mdomo, simu zikae mfukoni. Mkimaliza nitawaimbia ule wimbo wa simba. Nakumbuka mstari wa kwanza tu.