Ni Nani Atakayemsemea Mtoto?



Mtoto wa miaka mitatu akiulizwa, "Waumwa wapi?" huenda akaonyesha tumbo, na maumivu yako sikioni. Basi aulizwapo jambo zito kuliko hilo, yaani maisha yake yana raha kiasi gani pamoja na maradhi aliyo nayo, atajibu nini? Na ikiwa hawezi kujibu, ni nani mwenye haki ya kumjibia?

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini New York mwaka 1946, ilisema kuwa afya ni uzima kamili wa mwili, wa akili na wa kuishi na watu, wala si kukosa maradhi tu. Kwa maana hiyo kupima homa na uzito hakutoshi. Yapasa kuuliza mgonjwa yu hali gani. Mtu mzima huulizwa mwenyewe. Kwa watoto wadogo, wataalamu wa Leiden, Uholanzi, walitunga maswali 43 yaitwayo TAPQOL, yakatangazwa mwaka 2000: usingizi, hamu ya chakula, kifua, ngozi, khofu, uchangamfu na mengineyo. Anayejibu ni mzazi.

Lililonipendeza humo ni kwamba mzazi haulizwi tu kama mtoto alipatwa na udhia fulani; huulizwa pia, ulipompata, alijihisije? Kwani kukohoa ni jambo moja, na kuteswa na kikohozi ni jambo jingine. Yuko mtoto akohoaye usiku kucha na asubuhi akacheka.

Ama mzazi, je, ni shahidi mwadilifu? Ana mapenzi, na mapenzi hupotosha macho. Imeonekana mara nyingi kwamba wazazi huafikiana na watoto wao katika yaliyo dhahiri, kama kuchechemea, kuliko katika yaliyofichika moyoni. Na mama aliyeelemewa na huzuni humwona mwanawe kuwa na hali mbaya zaidi. Nasi wa pwani tuna letu: ukiuliza, "Watoto hawajambo?" utajibiwa, "Hawajambo," hata kama mmoja amelala chumbani na homa. Hiyo ni adabu, si ushahidi, na mwenye kuja na karatasi zake asiyelijua hilo ataandika kuwa watoto wetu wote ni wazima.

Tumwachie daktari, basi? Huko Canada, Saroj Saigal na wenzake walitangaza mwaka 1999 khabari ya kuwauliza madaktari na wauguzi, wazazi, na vijana, wakiwamo waliozaliwa na uzito mdogo mno, wayakadirie maisha yenye ulemavu. Waliyoyapa thamani ndogo zaidi ni madaktari na wauguzi.

Hapo ndipo khofu yangu. Kipimo kikitumiwa kumjua mtoto ili atibiwe vyema, nakikubali. Kikigeuzwa mizani ya kuamua ni mtoto yupi afaaye kugharimiwa, basi makadirio ya mtu mwenye afya yatamhukumu asiyeweza kujitetea. Heri mama mwenye kukosea kwa mapenzi kuliko mgeni mwenye kukosea kwa kutojua.

Maswali ya James Varni wa Marekani, yaitwayo PedsQL, humwuliza mtoto mwenyewe tangu miaka mitano, naye huonyesha kidole kwenye picha za nyuso, wa kucheka au wa kununa. Kabla ya umri huo mzazi ndiye ulimi wake. Na itafaa aulizwe zaidi ya mara moja, siku ya homa na siku isiyo ya homa.