Kuku Mgeni na Kamba Mguuni

Wiki hii naomba tuingie bandani kwa kuku, na usiharakishe kusema hilo si jambo la kiroho. Wengi wetu tunafuga nyuma ya nyumba, kuku kumi au ishirini wa kienyeji, mayai ya watoto na wachache wa kuuza karo ikikaribia. Na kila anayefuga ameshaliona hili. Unaleta mitetea wapya, hawajataga hata yai moja, unawachanganya na kuku wakubwa waliozoea banda. Wale wa zamani wanawavamia. Wanawafukuza kwenye chakula, wanawazuia maji, wanawanyonyoa manyoya ya kichwa. Siku mbaya unakuta mmoja amekufa.

Swali langu ni hili: damu ya yule mtetea iko mikononi mwa nani?

Jibu la kwanza utalisikia kwa jirani yeyote: "Aah, ndivyo kuku walivyo." Na kuna ukweli hapo. Mwaka 1922 mtaalamu wa wanyama kutoka Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alichapisha utafiti wake juu ya kuku, viumbe aliowaangalia kwa makini tangu utotoni. Alionyesha kwamba kudonoana kwao si fujo tu. Kundi lina ngazi. Wa juu anadonoa wote, anayemfuata anadonoa wote isipokuwa yule wa juu, hivyo hivyo hadi wa mwisho, ambaye anadonolewa na kila mmoja na hana wa kumdonoa. Ngazi ikishajulikana, vita hupungua, maana kila kuku anajua nani wa kumpisha. Mgeni akiingia, ngazi inavurugika. Kila mmoja anaogopa kushuka.

Kwa hivyo kuku anayemdonoa mgeni hana roho mbaya. Ana hofu. Waulize wafugaji, wengi watakwambia kwamba mara nyingi anayedonoa kwa ukali zaidi si yule mkubwa wa banda. Ni yule aliyekuwa karibu na mkia. Leo hatimaye amepata mtu wa chini yake, na hataki nafasi hiyo impite.

Jibu la pili linamwangukia mgeni: "Avumilie, atazoea." Hata hilo lina ukweli. Mgeni ana wajibu wa kujifunza desturi za nyumba. Lakini hebu tufikirie. Kuna methali yetu ya zamani: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tunaitumia kusema kwamba mgeni hutambulika tu. Lakini je, umewahi kujiuliza ile kamba inafanya kazi gani? Inamzuia kuondoka. Kuku aliye huru akidonolewa anakimbia, anaruka ua, anajificha kwenye michongoma. Mwenye kamba anadonolewa pale pale alipofungwa. Kumwambia huyo avumilie ni kumwambia mtu asiye na mlango mwingine. Na kamba hakujifunga mwenyewe.

Hapo ndipo jibu la tatu linapotoka. Damu ile iko mikononi mwa aliyewakutanisha. Kuku wa zamani hawakuomba wageni, na mitetea hawakuomba kuletwa. Ni mwenye banda aliyelipa pesa, akabeba boksi, akafungua mlango. Nani mwingine anashika ufunguo?

Na mfugaji mwenye bidii anajua kuna mengi ya kufanya kabla mlango haujafunguliwa. Kwanza anawatenga wageni wiki tatu au nne, mbali kabisa, huku akiangalia kama wanakohoa, kama wanaharisha, kama wana viroboto, na kuhakikisha wamechanjwa dhidi ya kideri. Kutenga huko si dharau. Kunalinda pande zote mbili, maana hata kuku wa zamani anaweza kubeba ugonjwa usiomsumbua yeye lakini ukamwua mgeni. Halafu anawaweka kando kwa kando, wavu wa waya katikati, wiki moja au mbili. Waonane, wasikiane, wasifikiane. Hamwingizi mgeni peke yake, anaingiza wawili au zaidi. Anangoja wakaribie kulingana na wenyeji kwa umbo. Anaongeza nafasi, kwa sababu banda la kuku kumi halitakuwa la kuku kumi na sita kwa kutamani tu. Anaweka chombo cha pili cha chakula na cha pili cha maji kwenye kona nyingine, ili kuku mmoja asiweze kulinda vyote. Anaweka boksi au ubao wenye upenyo ambao mdogo anapita na mkubwa hapiti. Giza likiingia anawapandisha wageni kwenye fito pamoja na wenyeji, na alfajiri anaamka kabla yao awe pale. Mmoja akitoka damu, anamtoa mara moja, kwa kuwa kuku wakiona wekundu hawaachi.

Halafu kuna jambo la chakula, na hapa naomba usome polepole. Chakula cha kuku wanaotaga kina kalsiamu nyingi, karibu asilimia 4. Mkubwa anaihitaji kwa gamba la yai. Mtetea ambaye hajaanza kutaga akilishwa hicho kwa muda, figo zake zinaumia. Sasa mfugaji afanye nini, na wote wanakula pamoja? Anawapa wote chakula cha kukuza, halafu anawawekea wakubwa maganda ya kombe yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni, anayehitaji ajichukulie. Umeona? Anayebadilishiwa chakula ni mwenyeji. Lakini mwenyeji hapunjwi, bado anapata cha kwake. Kuwapa wote sahani ile ile kungeonekana ni usawa, na kungemwumiza mdogo.

Sasa nasikia mtu akisema: "Kwa hivyo wa zamani hawana haki? Mgeni akija jana awe sawa na mimi niliyejenga?" La, sisemi hivyo. Hata ukifanya yote hayo sawasawa, siku za kwanza wataumana kidogo. Ngazi itajipanga, na mtetea ataanzia chini. Mfugaji mwenye hekima haingilii kila mdomo unaogusa manyoya. Mpaka wake ni damu, njaa na kiu. Kuanzia chini si dhuluma. Kunyimwa maji ni dhuluma. Tukichanganya haya mawili, tutakosea kwa njia mbili: ama tutakataa kila utaratibu, au tutabariki kila ukatili na kuuita utaratibu.

Wapendwa, nyumba zetu zimejaa watu wenye kamba mguuni. Kuna dada wa kazi aliyetoka ushago juzi, kitambulisho chake kimewekwa kwenye droo ya mwenye nyumba na mshahara haujafika. Kuna mke mpya kwenye boma la mumewe, kwao ni mbali na mahari imeshaliwa. Kuna mtoto wa marehemu aliyeletwa kuishi na binamu zake, anajifunza kula haraka kabla sufuria haijaisha. Kuna yule kijana wa mwaka wa kwanza bwenini wanayemwita mono, anafulishwa nguo za wakubwa, na usiku anaogopa kwenda msalani. Hawa hawawezi kuruka ua. Na sisi tuliowaleta tunasema watazoea.

Ukiwauliza wanaowadonoa, jibu ni moja: "Hata sisi tulidonolewa, na tukawa watu." Hiyo ndiyo hoja inayopitisha mateso kutoka mkono hadi mkono bila mtu kuyaanzisha wala kuyamaliza. Lakini katika Walawi sura ya 19, Israeli wanaagizwa kumtendea mgeni kama mzaliwa wa nchi, na sababu wanayopewa ni kwamba wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Angalia ugeuzi huo. Historia ile ile, maumivu yale yale, lakini hitimisho ni kinyume. Uliumizwa, kwa hivyo unajua inavyouma. Unajua, kwa hivyo huwezi kusema hukujua.

Hapo ndipo mtu anapoachana na kuku. Kuku hawezi kukumbuka siku aliyoingia bandani na kwa ajili hiyo kumwacha mdogo anywe maji. Mimi na wewe tunaweza. Kwa hivyo "ndivyo walivyo" ni neno la haki kwa kuku tu. Mama mkwe, kiranja, mwenye nyumba na mzee wa jumuiya hawawezi kulitumia. Na aliye juu yao, mwenye kushika ufunguo, ana kosa kubwa zaidi akinyamaza, kwa maana yeye hata hofu ya kushuka hana.

Wafugaji wana dawa moja kwa kuku mkorofi kuliko wote. Hawamchinji. Wanamtoa yeye, si mgeni, wanamweka peke yake siku kadhaa. Nyuma yake kundi linajipanga upya. Anaporudi, mara nyingi anakuta nafasi yake ya zamani imechukuliwa, na mlangoni anaingia kama mgeni. Sisi kwetu huwa tunafanya kinyume: ugomvi ukitokea, anayefungashiwa virago ni dada wa kazi, na mtoto yatima ndiye anayehamishiwa kwa shangazi mwingine. Mkorofi anabaki, akijua sasa kwamba banda ni lake.

Kwa hivyo wiki hii, usianze na kumhubiria mtu upole. Angalia banda lako kwanza. Ni nani hapo kwako ambaye hawezi kuondoka? Anakula saa ngapi, na baada ya nani? Kuna chombo cha pili cha maji, yaani kuna mtu mwingine anayeweza kumwendea akikatazwa na wa kwanza? Akitoka damu, utajua, au utaambiwa na majirani? Ukiyajibu haya na kurekebisha moja tu kabla ya Jumapili, utakuwa umefanya kazi ya aliyeshika ufunguo.