Chanzo Kwanza, Lawama Baadaye

Wi-Fi ya kompyuta mpakato inapokatika-katika mjini Geita, fundi makini hutafuta chanzo kabla ya kulaumu. Huisogeza karibu na ruta. Mawimbi yakitulia, tatizo ni ukuta au umbali. Simu nayo ikipoteza mtandao palepale, kompyuta haina kosa. Hubadili kitu kimoja kwa wakati, na hukubali dhana yake ikanushwe. Utayari huo wa kukosolewa ni wajibu wa kimaadili, si ufundi tu. Kanda hii inajua gharama ya kuukosa: Shinyanga na Geita, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo moshi wa kuni na samadi unatosha kuyaeleza, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa madai kwamba viungo vyao huvuta dhahabu. Tuhuma ya uchawi haina jaribio la kuikanusha. Mtuhumiwa akikana, huambiwa anaficha.

Wapo watakaosema sayansi hueleza namna tu, haielezi kwa nini mimi, kwa nini leo. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alilichambua swali hilo miongoni mwa Wazande, jamii ya Afrika ya Kati, katika kitabu chake cha mwaka 1937, nalo ni halali. Sala na subira hulipokea. Lakini kuuliza maana ya msiba hakumpi mtu ruhusa ya kutaja mkosaji. Asiye na njia ya kujua kwamba amekosea hana haki ya kuhukumu.